Vigae vya chuma jikoni: Piga hesabu kabla ya kununua

KADIRI Dar es Salaam inavyotanuka, Kibaha na Kisarawe zimekuwa kimbilio la wanaojenga nyumba za kuishi na za kupangisha. Ujenzi huo umefungua soko la vifaa vya umaliziaji, vikiwemo vigae vya chuma vya mapambo vinavyobandikwa ukutani nyuma ya jiko na sinki. Swali la mwenye duka na la mwenye nyumba ni moja: Je, vinarudisha fedha?

Mshindani mkuu ni kigae cha udongo. Mkoa wa Pwani una viwanda vikubwa vya vigae hivyo Mkuranga na Chalinze, vilivyoanzishwa katika miaka ya 2010. Aidha, milima ya Pugu, Kisarawe, ina akiba ya kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea bidhaa za aina hiyo. Vigae vya chuma, kwa upande mwingine, hutegemea zaidi uagizaji kutoka nje, hivyo thamani ya dola huonekana haraka katika bei yake.

Mnunuzi aende dukani na sumaku. Kigae kinachonasa kwa nguvu huweza kuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, ambacho hushika kutu kikichunika. Hata hivyo, kipo chuma kisichoshika kutu, daraja la 430, kinachonasa sumaku, ilhali daraja la 304 kwa kawaida halinasi. Alumini nayo hainasi, lakini ni nyepesi mno mkononi. Plastiki iliyopakwa rangi ya fedha isiwekwe karibu na moto wa gesi.

Hesabu ya mahitaji ni rahisi. Ukuta wa urefu wa meta 3 na kimo cha sentimeta 60 una meta za mraba 1.8. Kigae cha sentimeta 30 kwa 30 kina meta za mraba 0.09, hivyo vinahitajika 20. Ukiongeza asilimia 10 ya vitakavyoharibika katika kukata, nunua 22.

Hasara nyingi huanzia kwenye ufungaji. Lipu mpya iachwe ikauke kabisa, na ukuta usuguliwe kwa msasa na kufutwa vumbi na mafuta. Saruji mbichi hula alumini, hivyo gundi ifaayo kwa chuma ni bora kuliko udongo wa saruji. Silikoni inayonuka siki inapokauka nayo isitumike, kwani hudhuru baadhi ya metali, hasa shaba.

Fundi aanze na mstari ulionyooshwa kwa pima maji, apange vigae vikavu kwanza, kisha abandike. Kingo zilizokatwa hukata vidole. Glavu ni lazima. Kwa kuwa chuma hupitisha umeme, swichi kuu izimwe kabla ya kukata matundu ya soketi, na kigae kisiguse waya. Baadaye ukuta uoshwe kwa sabuni na kitambaa laini, si kwa sufi ya chuma.

Kwa mwenye nyumba ya kupangisha, hesabu ya mwisho ni ya muda. Tuseme vigae vya chuma vinazidi vya udongo kwa Sh 300,000 pamoja na ufundi. Iwapo mpangaji atakubali kuongeza Sh 10,000 kwa mwezi, fedha hiyo itarudi baada ya miezi 30. Asipokubali, ziada hiyo ni pambo tu, na kigae cha udongo kinatosha.

Kwa mwenye duka, busara ni kuanza na maboksi machache ya aina moja au mbili. Mitindo ya mapambo hubadilika upesi, na mtaji uliolala stoo hauzai.