Mnyaa wa Nyamasaria

Katika mimea yote ipandwayo kuzunguka nyumba za Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu, sidhani kama upo uliodharauliwa kuliko mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok: hauna ua la kupendeza macho wala tunda la kuliwa, kivuli chake ni haba, na majani yake, madogo mno, hupukutika mapema, hata mtazamaji akabaki na tita la vijiti vya kijani, vinene kama kalamu ya risasi, ambavyo vikivunjwa hutoa utomvu mweupe wenye sumu. Sasa, maadamu mji wa Kisumu unatanuka kuelekea uwanda wa Kano na viwanja vinapimwa na kuuzwa, mnyaa hung'olewa bila huruma, na mahali pake hushikwa na kuta za mawe, senyenge na kayaba. Nami, kadiri niutazamavyo mwaka baada ya mwaka, nazidi kuustahi.

Udongo wa huku ni mfinyanzi mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa na kuua miche mingi iliyotoka kitaluni ikiwa na siha njema. Mnyaa haudai mbolea wala ndoo ya maji. Tawi hukatwa, likaachwa siku chache hata jeraha likauke, kisha likachomekwa ardhini. Kazi ya kuvuna nuru ya jua, ambayo miti mingine huiachia majani, wenyewe huifanya kwa vijiti vyake, navyo hufungua vitundu vyao vya hewa usiku, baada ya joto kupungua, ili maji yasipotee bure. Mbuzi na ng'ombe, ambao wakati wa ukame hawasazi kitu, huupitia mbali.

Sumu hiyo si jambo la mzaha. Tone likiingia jichoni laweza kuleta upofu, na dawa ya kwanza ni kuosha kwa maji safi mengi na kumwahi tabibu. Tena wataalamu wameonyesha maabarani kwamba utomvu huo huamsha virusi vya Epstein-Barr, vihusianavyo na uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Uganda, aliueleza mwaka 1958. Kwa hiyo sharti watoto wakatazwe kuuchezea, na mwenye kuupogoa afunike macho na mikono.

Walakini fadhila yake kubwa naiona kwingine. Mjaluo alipojenga dala lake, yaani boma lake, alilizungushia ojuok, na dala lilipohamwa, wenyewe wakafa au wakaenda kujenga kwingine, nyumba za udongo zilibomoka, nyasi za paa zikaoza, mchwa wakamaliza nguzo, ilhali ua ule ulibaki umesimama, hata mpita njia akajua kwamba hapo ni gunda, makao ya watu waliotangulia. Hakuna ukuta wa mawe nilioujua uliotunza habari ya ukoo kwa uaminifu wa namna hiyo, pasipo kukarabatiwa na mtu yeyote.

Basi anunuaye kiwanja Nyamasaria leo, akikuta safu ya minyaa mikongwe imekipita katikati, na awaulize kwanza wazee wa jirani ni nani aliyeipanda, na ua ule ulizunguka dala la nani, kabla hajamwita mwenye panga.