Fonti Haikupi Herufi

Wanaoniletea tenzi za babu zao, kasida za maulidi na kadi za harusi ili zichapwe Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huanza na swali lile lile: "Una fonti yenye p, ch na v?" Jibu langu ni kwamba fonti siyo unayoihitaji, na ile inayopitishwa kwa flashi kutoka duka hadi duka hapa Mji wa Kale, Mombasa, ndiyo inayowaharibia kazi.

Shida yenyewe ni ya kweli, nayo ni ya tangu zamani. Kiarabu hakina p, ch wala v, basi waandishi wengi wa Mvita, yaani Mombasa, waliandika ب palipo na b, wakaandika ب hiyo hiyo palipo na p, na msomaji akajua kwa maana ya ubeti. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London, aliandika pamoja na P. J. L. Frankl mwaka 1997 mapendekezo ya kuandika Kiswahili kwa herufi hizi bila kumwacha msomaji akibahatisha. Wataalamu hawajakubaliana juu ya kila alama, lakini herufi za kutosha zipo: پ kwa p, چ kwa ch, ڤ kwa v, na گ kwa anayetaka g. Zote zimo katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake tangu 1991. Kompyuta yako inazo tayari.

Sasa tazama fonti ya flashi inafanya nini. Aliyeitengeneza alichukua nafasi ya p ya Kizungu, namba 112, akachora juu yake umbo la پ. Wewe unabonyeza p, unaona پ kwenye kioo, unafurahi. Kompyuta haikuandika پ. Imeandika 112, yaani p. Faili likifika kwa mpiga chapa asiye na fonti hiyo, au ukinakili ubeti na kuutuma kwa WhatsApp, mjomba wako Lamu anapokea fungu la konsonanti za Kizungu zisizosomeka.

Na hapo hatujafika kwenye mwandiko wenyewe. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake, na kompyuta huibadilisha yenyewe kwa kuwa inajua namba hiyo ni ya herufi gani. Ikidhani ni p ya Kizungu, haiungi kitu, nawe unabaki kutafuta kipande cha kuunga kimoja kimoja. Tena p hutoka kushoto kwenda kulia: mstari ukikatika, maneno yanapinduka, kipande cha mwisho kinatangulia cha kwanza. Utenzi uliochapwa hivyo hautafutiki. Mjukuu atakayeandika پ kwenye kisanduku cha kutafutia hatapata hata ubeti mmoja, na programu inayowasomea vipofu itatamka herufi za Kiingereza. Watu wanaamini kwamba wamehifadhi maneno ya wazee wao, kumbe wamehifadhi picha inayoonekana kwenye kompyuta moja. Hilo linaniuma, kwa sababu kazi ya miezi hufanywa na kupotea kwa ujinga unaoepukika.

Swali la fonti lina mahali pake pamoja tu: herufi ya kweli ikitokea kama kisanduku kitupu, fonti uliyochagua haina umbo lake. Weka Amiri au Scheherazade New, zote ni za bure, uendelee.

Namna za kuandika, basi. Katika Word ya Windows, rudi kwenye kibodi ya Kiingereza, andika 067E kisha bonyeza Alt na X pamoja: inageuka پ. Kwa چ andika 0686, kwa ڤ andika 06A4, kwa گ andika 06AF, na kwa alama ya kumsalia Mtume, ﷺ, andika FDFA. LibreOffice inafuata Alt na X vile vile. Kwenye Linux mara nyingi ni Ctrl, Shift na U, kisha namba. Kwenye Mac ongeza kibodi ya Unicode Hex Input, shikilia Option, andika tarakimu nne. Njia ya kushikilia Alt na kuandika namba, ambayo wengine wameibandika ukutani kwenye karatasi, inataka vitufe vya namba vya upande wa kulia, na laptopu nyingi ndogo hazina. Kwenye simu, weka kibodi ya Kiarabu na ukandamize ب, ج, ف au ك kwa muda; ndugu zake hujitokeza juu. Anayeandika kila siku asihangaike na namba: Microsoft Keyboard Layout Creator ni ya bure, na itakuwezesha kuiweka پ chini ya Alt ya kulia pamoja na ب, چ pamoja na ج, ڤ pamoja na ف. Ukimpelekea mpiga chapa, mpe PDF iliyobeba fonti ndani yake.

Kama tayari una faili la fonti ya flashi, usilifute. Nakili lote, tumia kutafuta na kubadilisha, herufi moja baada ya nyingine, p iwe پ, kisha ukae na mzee anayeujua utenzi, mlinganishe na karatasi ya asili mstari kwa mstari.