Herufi na Sauti Zake: Kabla ya Kumnunulia Mtoto Kichezeo cha Alfabeti

Kila ifikapo Januari, shule zinapofunguliwa, meza za wachuuzi na rafu za maduka ya vifaa vya shule hujaa bidhaa za aina moja: mabango ya alfabeti ya kubandika ukutani, herufi za plastiki zenye sumaku, vipande vya mbao vya kupangwa, na mbao za betri zinazotamka herufi kila mtoto anapobonyeza. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 4 hupita hapo akiwa na wasiwasi, maana hataki mwanawe aanze darasa la kwanza akiwa nyuma ya wenzake. Muuzaji anaujua wasiwasi huo, na bei huutambua pia. Makala haya yanamsaidia mlaji kupima kama bidhaa hiyo inafundisha kile anachokitaka, kama ni salama mikononi na mdomoni mwa mtoto, na kama kuna haja ya kuinunua hata kidogo.

Kichezeo kinafundisha lugha gani?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumnunulia mpwa wake, binti wa miaka 5, ubao wa betri wenye herufi 26. Baada ya miezi michache binti aliweza kuzitaja zote bila kusita, tena kwa lafudhi ya kigeni iliyowafurahisha wageni. Siku moja bibi yake akamwandikia neno "embe" na kumwomba alisome. Akasoma: "imbi." Bibi alidhani mjukuu anafanya mzaha. Haukuwa mzaha, binti alikuwa akifuata kwa uaminifu kile alichofundishwa na kifaa.

Ubao ule ulitaja majina ya herufi kwa Kiingereza, ambamo A huitwa "ei", E huitwa "ii" na I huitwa "ai". Katika Kiswahili herufi hizo tatu husimama kwa sauti zake zenyewe, na hazibadiliki kutoka neno moja hadi jingine. Aidha, ubao ulikuwa na Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakizitumii, na ulikuwa na C peke yake, ambayo kwetu hutembea na h tu. Lakini haukuwa na ch, ny, sh wala ng'. Mzazi anayetaka mtoto ajue kusoma Kiswahili huwa, kwa ununuzi wa namna hii, amelipia kifaa cha kazi nyingine. Iwapo mtoto anakwenda shule inayofundisha kwa Kiingereza, kifaa hicho kinaweza kumfaa, ila mzazi ajue tangu mwanzo kwamba anafundisha mifumo miwili, na aitenganishe.

Mabango ya ukutani yana kasoro ya aina yake. Mengi yametafsiriwa bila kubadilishwa picha. Herufi A huambatana na tunda ambalo mtoto wetu huliita tufaa, B na mpira, C na paka, D na mbwa, Z na punda milia. Mtoto anayetazama picha ya paka chini ya C anaambiwa, pasipo yeye kujua, kwamba neno paka linaanza na C. Kabla ya kulipa, taja kwa sauti jina la Kiswahili la kila picha na uone kama linaanza na herufi iliyo juu yake. Kazi hiyo haimalizi dakika 2.

Sauti hutangulia umbo

Kabla mtoto hajatambua kuwa alama m ni sauti ya kwanza ya neno mama, sharti sikio lake liwe limekwisha kuisikia sauti hiyo ndani ya neno. Kwa hiyo shughuli za mwanzo hazihitaji herufi yoyote. Mpigieni makofi maneno kwa silabi zake: ma-ma makofi mawili, ki-ta-bu matatu, m-to mawili. (Watu wazima wengi hukosea hapa na kupiga kofi moja, ilhali m hiyo ni silabi kamili.) Wakati mchele unachambuliwa, muulize mtoto ni nani nyumbani ambaye jina lake linaanza kama neno "sufuria", au ni kitu gani jikoni kinachoanza kama "mama". Mwiko, mkeka, mchele wenyewe: majibu yamejaa mbele yake.

Unapofika kwenye herufi, taja sauti, si jina. Herufi m hutamkwa kwa kuivuta, mmm, na s vivyo hivyo. Herufi kama b, k na t hazivutiki. Itamke kila moja kwa ufupi na uiunganishe mara moja na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kinatupa nafuu kubwa hapa. Tahajia yake sanifu, iliyoratibiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, huiandika karibu kila sauti kwa namna moja tu. Ukianza na irabu tano na kuongeza m, k, l, b na t, mtoto ana herufi 10, na kwa herufi hizo anaweza kuunda mama, kuku, kiti, meli, boti, kalamu na kitabu. Anaweza kusoma kitabu, japo ni neno lenyewe tu kwa sasa.

Kugusa, kufinyanga, kusogeza

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa wanafunzi wake herufi zilizokatwa kwa msasa, wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Vifaa vya mtindo huo huuzwa hadi leo, na kwa bei ya kutisha. Vya kwako vinatoka kwenye boksi tupu la duka la jirani. Kata vipande vyenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Chora herufi kwa gundi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, uache ukauke hadi kesho. Mtoto apitishe vidole viwili juu yake kwa mwelekeo uleule wa mkono unapoandika, akitamka sauti kila anapopita. Tumia herufi ndogo kwanza, kwa kuwa ndizo zinazojaza kurasa za vitabu. Vichezeo vingi vya madukani vina herufi kubwa pekee, na mnunuzi huligundua hilo akiwa amekwisha fika nyumbani.

Sinia lenye tabaka jembamba la mchanga ni daftari lisilokwisha. Mtoto huandika, hutikisa, huanza upya, na kosa halibaki mahali pa kumwaibisha. Udongo wa mfinyanzi hukunjwa kuwa o, hunyooshwa kuwa l. Usipopatikana, changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kikombe 1 cha maji, ukande mpaka ushikamane. Unga huo una chumvi nyingi mno, hivyo mtoto asiachwe peke yake nao wala asiuonje kama mandazi.

Shughuli ambayo sisi tunaiona ina faida kubwa kuliko zote ni ya kadi inayosogea. Panga kadi za irabu tano wima, moja chini ya nyingine. Mpe mtoto kadi ya m aisogeze mbele ya kila irabu na kusoma anachokiona: ma, me, mi, mo, mu. Kisha ampokee k, kisha l. Baada ya siku chache mtoto huanza kuziweka silabi mbili pamoja kwa hiari yake na kucheka neno linapotokea. Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, ny, th na dh, ziandikwe kwenye kadi moja, zisitenganishwe. Ng' ya ng'ombe nayo ipewe kadi yake, mbali na ng ya ngoma. Katika maeneo ambako lugha ya nyumbani haitofautishi l na r, cheza na maneno "kula" na "kura" bila haraka na bila kumcheka mtoto.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Mtoto akigeuza b kuwa d, usikimbilie kununua kifaa cha kumrekebisha. Jambo hilo ni la kawaida hadi karibu miaka 7.

Hatari zisizoandikwa kwenye boksi

Hapa ndipo tunapomwomba mlaji asome polepole.

Kifaa kinachotamka herufi kina betri, na mara nyingi betri hizo ni bapa, zenye umbo la sarafu. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni mwa mtoto inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata kama imekwisha nguvu za kuendesha kifaa. Mlango wa betri sharti ufungwe kwa skrubu. Ukifunguka kwa ukucha, usikinunue. Betri zilizotolewa zisiachwe juu ya meza. Ukishuku kwamba mtoto amemeza moja, usimtapishe wala usingoje dalili. Mpeleke hospitali papo hapo na useme waziwazi kuwa ni betri.

Herufi za sumaku hupendeza kwenye mlango wa friji. Kasoro yake ni kwamba katika zile za bei ya chini sumaku hubandikwa kwa gundi dhaifu na huchomoka. Sumaku moja inaweza kupita tumboni, lakini mbili zikimezwa hunasana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa. Chagua zile ambazo sumaku imezibwa kabisa ndani ya plastiki, na uzikague kila wiki. Rangi nazo zina historia: Agosti 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani ililazimika kurudisha kutoka sokoni mamilioni ya vichezeo, vingine kwa sababu ya sumaku zilizochomoka na vingine kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Hilo lilitokea kwa kampuni kubwa yenye jina; mlaji afikirie basi kuhusu bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji wala anwani ya mwagizaji.

Kuhusu ukubwa, maabara hutumia kikombe cha silinda chenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu kinachotumbukia humo chote hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumbani tumia bomba la ndani la karatasi ya chooni, ambalo ni pana kidogo na hivyo linakupa tahadhari zaidi. Kipimo hicho ni cha haki kwa pande zote, kwa sababu vifuniko vya chupa za maji, ambavyo wengi wetu huviandikia herufi, navyo hupenya. Maharage, punje za mahindi na kokoto ndogo pia zimekwama katika pua na koo za watoto wengi. Kama ndani ya nyumba kuna mdogo wake anayetambaa, kadi pana za boksi ndizo zinazofaa.

Ukiamua kununua

Alama ya uso wa mtoto ndani ya duara jekundu lililokatwa mstari, yenye maandishi 0-3, ni katazo kwa watoto wa chini ya miaka 3, wala si ushauri wa kiwango cha akili kama wauzaji wengine wanavyoeleza. Herufi CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kuhusu masharti ya soko la Ulaya. Peke yake haithibitishi kwamba bidhaa iliyo mkononi mwako imepimwa na mtu mwingine. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, umri uliokusudiwa, na maelekezo katika lugha unayoisoma. Omba kifaa kiwashwe dukani, ukisikilize kinavyotamka a, e na i.

Dai risiti na uihifadhi pamoja na boksi. Kifaa kikivunjika na kumwaga vipande, au rangi ikibanduka, mwondolee mtoto kwanza, kisha kipige picha, ukirudishe kwa muuzaji. Hoja za ubora na usalama wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ikiwa uliambiwa kwamba kifaa kinafundisha Kiswahili na umekuta hakifundishi, au umeuziwa bidhaa bandia, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu kwa mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Andika tarehe ya ununuzi, mahali, kiasi ulicholipa na maneno uliyoambiwa na muuzaji, ukiyanukuu jinsi yalivyosemwa.