Jengo la Jumuiya na Kalamu ya Msanifu

Jamaa zetu walioko Ufaransa, hususan Wangazija wa Marseille, huchanga fedha kidogo kidogo hata wakapata kiwanja cha msikiti au cha chuo cha watoto. Hapo ndipo lizukapo neno: "Jengo letu ni dogo, hatuna haja ya msanifu wa majengo." Neno hilo laweza kuwagharimu, basi na tulitazame.

Sharia ya nchi ile ya tarehe 3 Januari 1977 yampasa kila atakaye kujenga jengo lenye kuhitaji kibali ampe kazi msanifu aliyeandikishwa, ndiye achore ramani na kuitia sahihi. Kisha sharia ikawasamehe wachache. Mtu ajijengeaye nyumba yake mwenyewe, isiyozidi mita 150 za mraba, hakulazimishwa. Mpaka huo ulikuwa 170, ukapunguzwa tangu tarehe 1 Machi 2017. Mkulima naye amesamehewa kwa banda lisilozidi mita 800. Lakini mwenye nyumba ya mita 120 akitaka kuiongeza mita 45, asidhani zitahesabiwa zile 45 peke yake. Hujumlishwa zote, zikawa 165, na msanifu akamlazimu.

Sasa shika hili, maana ndilo wenzetu walisahaulo: msamaha ule wa nyumba ni wa binadamu, si wa jumuiya. Jumuiya ikijenga hata chumba kimoja cha darasa, maadamu chahitaji kibali, haina budi kuwa na msanifu. Wako wasemao, "Basi tuandike kwa jina la imamu." Hiyo ni hila mbaya. Msamaha ni wa ajengaye kwa ajili ya nafsi yake. Na mali ya waumini ikikaa kwa jina la mtu, siku akifa warithi wataidai, nao watakuwa na karatasi mkononi.

Kwa rai yangu sharia hii imepunguza mahali pamoja: imelazimisha ramani tu, haikulazimisha msanifu kuwasimamia mafundi. Usimamizi huo ni wa kupatana, uandikwe katika mkataba. Jengo likishapokelewa, kwa miaka 10 msanifu na mafundi hudaiwa kwa kasoro yenye kuhatarisha uimara wake, na bima ya jambo hilo ni lazima kwao. Ada ya msanifu haikupangwa na serikali. Huafikianwa, nayo yafaa kuingizwa katika hesabu ya mchango kabla ya tofali la kwanza kununuliwa.