Mtoto njiti: kwa nini huguna anapopumua?

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 28 mara nyingi hafiki hata kilo moja na robo. Ukimtazama utaona kifua kinabonyea kila avutapo pumzi, na utamsikia akiguna kila aitoapo. Wengi hudhani analia, kumbe anapigania hewa.

Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ndani, kisha ujaribu kuupuliza. Kuta zimegandana, na pumzi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni navyo vina unyevu, na vingegandana vivyo hivyo lau si utelezi maalumu uitwao safaktanti, unaotengenezwa na mapafu yenyewe. Kwa kawaida utelezi huo hutosha mimba ikishapita wiki ya 34 hivi. Njiti huyu bado hana wa kutosha, hivyo vifuko hujifunga kila atoapo pumzi, na kila pumzi kwake ni kama ya kwanza. Mbavu nazo ni laini mno, ndiyo maana kifua huingia ndani badala ya kutanuka. Basi yeye hubana koo ili hewa kidogo ibakie, na sauti ya kubana huko ndiyo mguno. Akinyamaza ghafla msifurahi haraka, huenda amechoka. Mwiteni muuguzi.

Mwaka 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake akiwa na zaidi ya kilo mbili. Hakumaliza siku mbili. Mwaka 1971 Dkt. George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza namna ya kumfanyia mtoto kile anachokitafuta kwa kuguna, yaani kuyasukumia mapafu hewa isiyokatika ili yasijifunge.

Ndiyo ile mipira ya puani utakayoiona wodini, ambayo ncha ya upande wa pili imezamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha maji, sentimita tano au zaidi kidogo, ndicho kipimo cha nguvu ya hewa. Maji yakiacha kutoa mapovu, huenda hewa inavuja: semeni. Ila msiguse kitufe cha oksijeni, kwani ikizidi huweza kuharibu macho ya njiti.

Wapo jamaa wanaokataa mipira hiyo wakisema mtoto akishawekewa oksijeni harudi. Maneno haya yanaua. Mtoto huwekewa kwa sababu anachoka, na akicheleweshwa huchoka zaidi.

Na wewe mama mjamzito, ukisikia uchungu au maji yakitoka kabla ya wiki 34, usingoje asubuhi wala ushauri wa ukoo. Hospitali inaweza kukupa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, zilizothibitishwa na Liggins na Howie wa New Zealand mwaka 1972. Lakini zinahitaji saa kadhaa, na ni bora zaidi zikipata siku nzima kabla hujajifungua.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, na kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni. Na ule ubani na udi tunaofukiza chumba cha mzazi, najua bibi hatapenda, lakini mwaka huu chetezo kibaki nje. Moshi ni moshi hata ukinukia.