Nguo Ikishauzwa: Haki ya Mnunuzi ya Kuirudisha Dukani

Katika maduka mengi ya nguo ya Kenya na Tanzania, chini ya risiti au ukutani nyuma ya muuzaji, huwa kuna maandishi yanayosema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala fedha hazirejeshwi. Wanunuzi wengi huyachukua maandishi hayo kuwa ndiyo sheria, na wauzaji wengi nao huamini hivyo kwa nia njema, ilhali kwa mujibu wa sheria tangazo la namna hiyo lina nguvu katika hali moja na halina nguvu katika hali nyingine. Asiyezitofautisha hali hizo mbili ama hudai asichostahili na kuambulia ugomvi, ama huacha haki yake ipotee kimyakimya.

Hali ya kwanza ni ya nguo nzima isiyomfaa aliyeinunua: gauni linalobana kifuani, suruali inayopwaya kiunoni, au shati ambalo rangi yake haikumpendeza aliyenunuliwa. Hali ya pili ni ya nguo yenye kasoro, au isiyolingana na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuiuza: zipu inayoachia siku ya kwanza, mshono unaofumuka, kitambaa kinachochuja rangi na kuharibu nguo nyingine, au blauzi iliyouzwa kwa jina la pamba tupu kumbe ni poliesta.

Kuhusu hali ya kwanza, mnunuzi wa Afrika Mashariki hana mengi ya kuegemea. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, ambayo ni Sura ya 31, na ile ya Tanzania, ambayo ni Sura ya 214, zote zimetokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo msingi wake ni kanuni ya mnunuzi kujihadhari, yaani kila anayenunua anatarajiwa kukagua, kupima na kuuliza kabla ya kutoa fedha zake. Kwa hiyo muuzaji hawajibiki kwa sababu tu mnunuzi alikosea saizi au alibadili nia, na duka linalokubali kubadilisha nguo nzima hufanya hivyo kwa hiari na kwa masharti yake lenyewe. Huko Uingereza pia mambo hayajabadilika sana kwa anayenunua dukani ana kwa ana, ila anayenunua kupitia intaneti amepewa siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Sheria ya Urusi ya kulinda haki za walaji, iliyotungwa mwaka 1992, inamruhusu mnunuzi kubadilisha ndani ya siku 14 nguo isiyomfaa kwa saizi, umbo au rangi, mradi haijavaliwa na lebo zake zipo, ingawa nguo za ndani hazimo katika ruhusa hiyo.

Kuhusu hali ya pili, sheria inasimama upande wa mnunuzi. Katika kila mauzo ya bidhaa sheria huingiza masharti ambayo si lazima yatamkwe na yeyote. Sharti mojawapo ni kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na jingine ni kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo lazima iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Lipo pia sharti la kufaa kwa kusudi, ambalo hutumika pale mnunuzi anapomweleza muuzaji haja yake na kutegemea ujuzi wake. Mzazi anayemwambia mwenye duka la sare kwamba anataka sweta ya shule fulani, kwa mtoto wa darasa fulani, akapewa sweta ya rangi isiyokubaliwa na shule hiyo, ana hoja ambayo mzazi aliyejichagulia mwenyewe bila kuuliza hana. Maneno machache yanayosemwa kabla ya malipo huweza hivyo kuigeuza nguo ambayo kwa kawaida ingehesabiwa kuwa haikumpendeza mtu tu kuwa nguo ambayo muuzaji anawajibika kwayo.

Masharti hayo yana mpaka wake. Mnunuzi aliyeikagua nguo hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua, kama vile doa lililo kifuani au kifungo kilichokosekana, lakini bado anaweza kulalamikia kasoro iliyojificha, kama vile rangi isiyojulikana kuwa inachuja mpaka nguo ifuliwe. Mpaka huu una uzito wa pekee katika biashara ya mitumba, ambako nguo hupangwa kwa madaraja, na ambako katika masoko kama Gikomba jijini Nairobi zile bora zinazotoka mwanzo huitwa kamera na zile za mwisho huitwa fagia. Anayechambua fundo la fagia na kulipa bei ya fagia amekubali uchakavu anaouona, ila hajakubali kudanganywa, kwa kuwa Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni mwenendo usio wa haki kumwambia mtu kwamba bidhaa ni mpya wakati imekwisha kutumika.

Sheria hiyohiyo inaeleza kwamba haki ilizozitoa haziondolewi na makubaliano wala tangazo lolote, na Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia ya hasara inayotokana na kasoro zake. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa na hata kuhusu haki alizonazo, hivyo tangazo linalomfanya mwenye nguo mbovu aamini kwamba hana pa kwenda linaweza lenyewe kuhesabiwa kuwa upotoshaji.

Haki ya kukataa bidhaa haidumu milele. Mnunuzi huhesabiwa kuwa ameikubali nguo akisema hivyo, akiifanyia jambo ambalo ni la mwenye mali tu, kwa mfano kuipeleka kwa fundi ikapunguzwe, au akikaa nayo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili bila kulalamika. Akishaikubali, kinachobaki kwa kawaida ni kudai fidia, yaani kiasi kinacholingana na upungufu wa thamani, badala ya kurudisha nguo na kuchukua fedha zote. Ndiyo maana nguo yenye kasoro inapaswa kuachwa na lebo zake, isivaliwe tena, na muuzaji aarifiwe mapema, ikiwezekana kwa maandishi.

Kwa nguo zinazouzwa kupitia mitandao ya kijamii, picha na maelezo yaliyowekwa na muuzaji ndiyo maelezo ambayo bidhaa inapaswa kulingana nayo, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu huihifadhi picha hiyo pamoja na mazungumzo yao na ujumbe wa malipo kwa simu. Risiti hubaki kuwa ushahidi ulio mwepesi kuliko wote, na nchini Tanzania muuzaji asiyeitoa na mnunuzi asiyeidai wote wanatenda kosa chini ya sheria za kodi.

Madai huanza dukani, kwa utulivu, kwa mwenye duka au msimamizi badala ya kijana wa mauzo asiye na mamlaka ya kurudisha fedha. Yakishindikana, mlaji wa Tanzania anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani, na wa Kenya kwa Mamlaka ya Ushindani au katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 bila kumlazimu mdai kuajiri wakili.

Hata hivyo, kwa gauni la shilingi elfu chache, wanunuzi wengi hawatafika mahakamani, na kinga yao kubwa itabaki kuwa makubaliano ya kabla ya malipo. Anayenunua nguo bila kuijaribu, au anayemnunulia mtu mwingine, na aulize kama inaweza kubadilishwa na kwa muda gani, kisha aombe jibu hilo liandikwe kwenye risiti, kwa sababu likishaandikwa hapo linakuwa sehemu ya mkataba, na muuzaji hawezi tena kulikana kwa kuonyesha tangazo la ukutani.