Mkanda wa Harusi Unakatika: Kutafuta Kosa la Seva ya Nyumbani

MWALIMU: Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo iko hesabu ya kufanya. Hapa studioni ninaye mama mmoja, mwanafunzi wa darasa la jioni, amekuja na shida yake. Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu.

MWALIMU: Hebu waeleze wenzako.

MAMA: Kijana wangu ameweka seva nyumbani. Ndani yake umo mkanda wa harusi ya binti yangu, na humo marehemu mume wangu anawapa maharusi wasia. Jumamosi ukoo utakutana kwangu, na wajukuu wadogo hawajapata kuisikia sauti ya babu yao. Basi nikiufungulia kwenye televisheni, mkanda unakwenda nusu dakika, unasimama, kiduara kinazunguka. Nimenunua bando kubwa zaidi, wapi! Ni vile vile.

MWALIMU: Pole, mama. Kwanza niwaeleze wale ambao hawajaiona. Seva ya nyumbani ni kompyuta ndogo yenye diski. Mara nyingi haina kioo. Hukaa pembeni imewashwa usiku na mchana. Ni kama karani wa bohari: televisheni ikiagiza mkanda, karani huutoa kidogo kidogo na kuupeleka. Mkanda hutoka kwenye seva, hupita kwenye ruta, hufika kwenye televisheni. Yote hayo ni ndani ya nyumba yako. Kwa hiyo fedha yako ya bando, mama, imekwenda bure.

MAMA: Ati nini?

MWALIMU: Ndiyo. Bando ni ya kuleta vitu kutoka nje. Ukitumia programu kama Jellyfin, ambayo ilianza mwaka 2018 na hutolewa bila malipo, waweza kukata kabisa intaneti ya nje na mkanda wako ukaendelea kuonekana. Jaribuni jambo hilo kabla ya kwenda dukani.

Basi kosa laweza kuwa mahali patatu: katika seva, njiani, au katika televisheni. Msiguse vyote kwa pamoja. Badilini kitu kimoja, tazameni, ndipo mwende kwa kingine. Mtu akibadili vitu vitano mara moja, hata mambo yakipona hatajua dawa ilikuwa ipi. Mama, nilikuomba ujaribu kwa simu.

MAMA: Nilisimama karibu na ruta, nikaufungua mkanda kwenye simu ya kijana. Ulikwenda mpaka mwisho.

MWALIMU: Vema. Kwa hiyo diski inasomeka, na mkanda ni mzima. Sasa tupime njia. Shikeni kalamu. Faili la mama lina gigabaiti 6, na mkanda ni wa dakika 40. Gigabaiti 6 ni megabaiti 6,000. Njia hupimwa kwa biti, na kila baiti ina biti 8. Zidisheni 6,000 kwa 8, mtapata megabiti 48,000. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Gawanyeni 48,000 kwa 2,400. Jibu ni 20. Maana yake, kila sekunde lazima zipite megabiti 20, na wakati wa ngoma, watu wengi wanaporukaruka, huenda zikazidi. Njia ikipitisha 10 tu, televisheni hula akiba yake, ikiisha husimama kungoja.

Waifai hudhoofika kwa kila ukuta. Waifai ya gigahezi 5 ni ya mbio lakini kuta huishinda upesi; ile ya 2.4 hupenya zaidi, ila ni ya polepole na majirani wote wamo humo humo. Waya hauna matata hayo. Televisheni nyingi zina tundu la waya la megabiti 100 kwa sekunde, nazo zatosha kwa mkanda huu mara nyingi.

MAMA: Kijana alivuta waya toka ukumbini mpaka sebuleni. Bado ulikatika!

MWALIMU: Nami nilifurahi uliponiambia hivyo.

MAMA: Ulifurahi, mwalimu?

MWALIMU: Nisamehe, mama. Nilifurahi kwa sababu njia imetoka katika mashaka. Simu inaonyesha vizuri, televisheni haionyeshi, na waya ni mzima. Ndipo nikauliza: je, vyombo hivi viwili vinajua lugha moja?

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi hukwama. Picha ya mkanda ikiandikwa yote kama ilivyo, diski ingejaa mara moja. Kwa hiyo hukunjwa, na namna ya kuikunja huitwa kodeki. Kodeki ya H.264 ilitoka mwaka 2003, na karibu kila televisheni inayoungwa na mtandao huijua. Ile ya HEVC ilitoka mwaka 2013. Hukunja zaidi, na simu nyingi za sasa hurekodi kwayo. Harusi ilipigwa kwa simu. Televisheni ya mama ni ya zamani, HEVC haiijui. Basi seva yamlazimu awe mkalimani: afungue picha, aikunje upya kwa H.264, aipeleke, papo hapo. Kazi hiyo ni nzito. Seva ndogo ikitumia sekunde mbili kufasiri sekunde moja ya mkanda, lazima mkanda usimame.

Jellyfin yenyewe husema. Katika ukurasa wa msimamizi imeandikwa kama mkanda unapelekwa moja kwa moja au unafasiriwa. Maandishi ya chini ya picha nayo, yakiwa ya namna fulani, huweza kuleta kazi hiyo hiyo, yazimeni mwone.

MAMA: Kijana alitazama, akakuta unafasiriwa.

MWALIMU: Dawa yake ni kufasiri mapema. Kwenye kompyuta yenye nguvu, programu ya HandBrake hugeuza nakala iwe H.264. Hata ikichukua usiku kucha, hakuna anayengoja. Mkanda wa asili usifutwe.

MAMA: Na ile diski, mwalimu? Tuliichomoa tukaichomeka kwenye kompyuta, ikauliza kama iipange upya.

MWALIMU: Mkajibuje?

MAMA: Kijana alitaka kukubali. Nikamshika mkono.

MWALIMU: Mkono wako huo ndio uliouokoa mkanda, mama! Diski nyingi za seva zimepangwa kwa namna ambayo kompyuta za Windows haziisomi, ndiyo maana huuliza. Ukikubali, diski itahesabiwa kuwa tupu. Televisheni nyingine nazo huuliza hivyo hivyo. Jibu ni hapana. Na kabla ya Jumamosi mnakili mkanda kwenye diski ya pili, ikae kwa binti yako.

Hesabu ya wiki hii: faili lina gigabaiti 9, mkanda ni wa saa 2. Zinahitajika megabiti ngapi kwa sekunde? Waifai inayopitisha megabiti 8 itatosha? Andikeni majibu, tutayasoma pamoja wiki ijayo. Kwaherini.

MAMA: Kwaherini.